Kisu cha Mfukoni na Kisu cha Ala

Hakuna nyumba isiyo na kisu. Nyumba inaweza kukosa redio, ikakosa saa ya ukutani, ikakosa hata kitanda cha pili, lakini kisu kitakuwepo, japo kimelika na mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Na kwa kuwa kipo kila mahali, hakuna anayekitazama mara mbili. Juma hili nawaombeni tukitazame.

Siku ya gulio, iwe Kiwira au Tukuyu mjini, mwuza visu hutandaza turubai lake chini na kupanga mali yake makundi mawili. Upande mmoja vipo visu vya kukunja, vingi vimetoka China, vinang'aa, vina mipini ya rangi na springi ya kufungia. Upande wa pili vipo visu visivyokunjwa, vya mpini wa mti, vyeusi vyeusi, vilivyofuliwa na mafundi wetu kutokana na springi za magari. Kijana huchutama, huchukua kile cha kukunja, hukifungua na kukifunga mara mbili tatu, husikia ule mlio wake wa "tak", hutabasamu, hulipa. Ukimwuliza, "Mwanangu, hicho ni cha kazi gani?" atakujibu, "Cha kutembea nacho tu, mzee."

Cha kutembea nacho tu. Maneno hayo ndiyo mada yangu ya leo. Maana tangu chuma kiingie katika milima hii ya Rungwe, kila kisu kilikuja kikiwa na kazi yake. Kisu cha kutembea nacho tu ni jambo jipya, na nadhani inafaa tujue limetoka wapi kabla hatujaamua kipi kinatufaa.

Tuanze na chuma chenyewe. Udongo wetu huku ni wa majivu ya volkano. Unaotesha migomba, mahindi, viazi, chai na maparachichi, lakini Wanyakyusa hawakuwa wafua chuma mashuhuri. Chuma kilitoka mashariki, juu ya safu ya milima ya Livingstone, kwa ndugu zetu Wakinga, ambao eneo lao leo liko Wilaya ya Makete. Wakinga walikuwa wahunzi hodari. Waliteremka na majembe, mikuki na zana za kukatia, wakapanda kurudi kwao na chakula na mifugo. Mlima ule ulikuwa na chuma na baridi. Bonde hili lilikuwa na ndizi na ng'ombe. Kila upande ulimhitaji mwenzake. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari za biashara hiyo. Hata mapokeo ya Wanyakyusa wenyewe yanasimulia kwamba watawala wao wa kale walitoka huko Ukinga, wakija na moto, ng'ombe na chuma. Msikilizaji, pima uzito wa simulizi hiyo. Chuma kimewekwa safu moja na moto.

Wala Wakinga hawakuwa peke yao. Magharibi yetu, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zinazopita kimo cha mtu. Kaskazini ya mbali, huko Kagera, Wahaya walijua kutengeneza chuma cha pua kwa tanuri ambazo mfumo wake wa kupasha hewa moto uliwashangaza wanasayansi. Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza habari hizo mwaka 1978, baada ya wazee wa Kihaya kujenga tanuri la jadi mbele ya macho yao. Kwa hiyo anayedhani makali yaliletwa na wageni ajue kwamba kabla ya meli ya kwanza ya mvuke kuonekana Ziwa Nyasa, mivukuto ilikuwa ikivuma katika nchi hii siku nyingi.

Sasa, chuma kilipokuwa adimu namna hiyo, hakuna aliyekifua ovyo. Mtu aliyetoa mbuzi ili apate kipande cha chuma alitaka kipande hicho kifanye kazi miaka mingi. Ndiyo maana zana za makali za zamani karibu zote zilikuwa zile zisizokunjwa: chuma kimoja kizima, mkia wake umezamishwa ndani ya mti. Hazina bawaba wala springi. Zikivunjika mpini, unachonga mwingine jioni hiyo hiyo.

Na kila kazi ilikuwa na umbo lake. Mundu umepinda kwa sababu unavuta shina kuja kwako. Kule pwani mgema ana kotama yake, pana na iliyopinda, kwa sababu anakata kidogo kidogo ncha ya karara la mnazi huku mkono mmoja umeshika mti. Njombe na Iringa, mgema wa ulanzi hutumia kisu chembamba chenye makali sana, maana akiutafuna mwanzi badala ya kuukata, pombe haitiririki vizuri. Mchinjaji anataka kisu kirefu kisicho na pengo hata moja. Mpogoaji wa chai anataka kifupi kilichopinda chenye mpini wa kujaza kiganja, kwa sababu atarudia kitendo kile kile kuanzia asubuhi hadi jua kali. Waliotengeneza maumbo hayo hawakukaa darasani. Walitazama mkono unavyokwenda, wakakifuata.

Kisu hicho kilibebwaje? Kilibebwa wazi. Kiliingia ndani ya ala ya ngozi au ya mti, kikaning'inia kiunoni au begani. Mmasai na sime yake ni mfano ulio hai hadi leo. Ng'ambo ya bahari, Mwomani na jambia lake ni vivyo hivyo. Nchi ile imeliweka jambia hata katika bendera yake tangu mwaka 1970. Ukikutana na mtu wa namna hiyo njiani, unajua ana kisu, unajua kiko wapi, na unajua mkono wake uko mbali nacho kiasi gani. Katika kubeba wazi mna adabu. Mwenye kisu anakuarifu kabla hujamwuliza.

Je, kisu cha kukunja kiliingilia wapi? Hapa nitamtaja mzee mmoja jirani yangu hapa Nkunga, ambaye umri wake umepita miaka themanini na mitano. Nilimwuliza, "Tata, nyinyi utotoni mlikuwa mnabeba visu vya kukunja?" Alicheka. Akasema, "Mwanangu, kisu cha kukunja ni cha mtu mwenye mfuko. Sisi mifuko tungeitoa wapi?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya historia, lakini sijakutana na maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Kisu cha kukunja ni mtoto wa mfuko. Mtu aliyevaa ngozi, au gome la mti, au shuka lililofungwa begani, hana pa kukiweka. Ili kisu kikunjwe, lazima kwanza pawepo kaptura, koti au suruali. Kwa hiyo ukitaka kujua kisu hicho kiliingia lini katika kijiji, uliza suruali iliingia lini.

Ulaya wenyewe walipitia njia hiyo. Visu vya kukunja ni vya kale sana huko. Katika makaburi ya Hallstatt, nchini Austria, kimepatikana kimoja cha miaka zaidi ya 500 kabla ya Kristo. Lakini vilienea kwa wananchi wa kawaida pale mji wa Sheffield, Uingereza, na mji wa Solingen, Ujerumani, vilipoanza kuvitengeneza kwa wingi na kwa bei ya mtu wa chini. Mwaka 1890, huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha mpini wa mti ambacho mkulima aliweza kukimudu. Mwaka 1891 Karl Elsener alipeleka visu vya kwanza kwa jeshi la Uswisi, vya askari kufungulia makopo na kufungulia bunduki wakati wa kuisafisha. Tazameni: mkulima wa milimani na askari. Kisu cha kukunja nacho kilizaliwa kikiwa na kazi.

Mwaka huo huo wa 1891 Wamoravian walifika Rungwe na kujenga misheni yao. Baadaye serikali ya Kijerumani ikaweka boma lake Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Ndipo wakaja makarani, watarishi, askari, walimu wa shule za misheni na wapishi wa Wazungu. Hao ndio waliokuwa watu wa kwanza wa mifuko katika nchi hii. Karani hakuhitaji mundu mezani kwake. Alihitaji kitu kidogo cha kuchonga penseli, kukata kamba ya kifurushi na kumenyea chungwa wakati wa mapumziko. Kisu cha kukunja kilimfaa, na isitoshe kilimtambulisha. Aliyekitoa mfukoni mbele za watu alikuwa anasema bila kusema: mimi si wa jembe.

Wajerumani walijua kwamba soko lipo. Mwaka 1902 huko Solingen kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, kikapewa jina la Okapi. Jina hilo lilikuwa la kisasa mno wakati ule. Okapi, yule mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, mwenye milia miguuni kama punda milia, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 tu, kutokana na ngozi na mafuvu aliyoyapeleka Harry Johnston. Na Johnston si mgeni kabisa wa pande zetu. Mwaka 1889, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipita Karonga, ng'ambo tu ya mto Songwe, akielekea Ziwa Tanganyika. Basi mnyama wa Kongo, aliyetangazwa na Mwingereza, akawa alama ya kisu cha Mjerumani cha kumwuzia Mwafrika. Huo ndio ukoloni kwa ufupi.

Okapi ni kisu cha mpini wa mti, chenye ringi ya chuma mgongoni. Ukikifungua hulia "krrr" na kujifunga. Mpaka uivute ile ringi ndipo kikubali kukunjwa. Ni kitu rahisi, lakini kiliokoa vidole vya watu wengi, maana kisu cha kukunja kisichojifunga kina tabia ya kumgeukia mwenyewe. Wafaransa wa Opinel walikuja kuongeza ringi ya kufungia katika kisu chao mwaka 1955. Kisu cha Okapi kilivuka bahari hata Jamaika, ambako kimekuwa maarufu vile vile. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Hapo Afrika Kusini ndipo historia yetu inapogeuka. Baada ya Waingereza kuichukua Neu-Langenburg mwaka 1916, na kodi kuendelea kudaiwa kwa shilingi, vijana wa Rungwe walikwenda kutafuta fedha mbali. Walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Walikwenda mashimo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia. Walikwenda Johannesburg kwa mikataba, hadi serikali yetu ilipozuia uandikishaji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana aliyerudi alirudi na suruali, koti, kofia, sanduku la bati, na si ajabu kabisa kukuta katika mfuko wa koti kisu cha kukunja.

Lakini kambi ya machimbo si kijiji. Kijijini kila mtu ana baba na wazee wanaomjua. Kambini wanalala watu wageni kwa wageni, mshahara uko chini ya mto, na usiku ni mrefu. Huko ndiko kisu cha mfukoni kilikojifunza kazi ya pili. Kikaacha kuwa cha chungwa na penseli, kikawa cha kujihami. Na tofauti na sime ya Mmasai, hiki hakikuonekana. Ule ule udogo uliomfurahisha karani ndio uliomfaa mwenye hila. Katika miji ya Afrika Kusini kisu cha Okapi kilijipatia sifa mbaya ya wahuni, ingawa mamilioni ya watu wa kawaida walikitumia kukatia mkate.

Msikilizaji, nimeifuata historia hii kwa kirefu ili tufike hapa. "Cha kutembea nacho tu" haikutoka kwa babu zetu wa Ukinga. Ilitoka katika maisha ya ugenini, ya hofu, ambako mtu hamwamini jirani yake. Sasa tumeileta nyumbani. Kijana wa bodaboda anasema abiria wa usiku hawaaminiki. Mwanafunzi anasema njia ya kurudi nyumbani ina vibaka. Sidharau hofu zao. Wapo waliopokonywa pikipiki, wapo waliojeruhiwa. Lakini niwaulize vijana wangu: ulipokwaruzana na mwenzako kilabuni, na kisu kimo mfukoni, ni kipi kitakachofika kwanza, mkono au akili? Bila kisu mngerushiana ngumi, kesho mkasuluhishwa na wazee. Pakiwa na kisu, mmoja yuko wodini na mwingine yuko mahabusu, na familia mbili hazisalimiani tena.

Chuma hakina nia yake. Tunalijua hilo kuliko mataifa mengi, sisi tuliofungua mpaka wa Rusumo mwezi Aprili 1994, watu karibu 250,000 kutoka Rwanda wakavuka kwa muda wa siku moja hivi. Huko walikotoka watu walikuwa wakiuawa, pamoja na bunduki, kwa panga. Panga lile lile ambalo huku tunafyekea njia ya shambani. Aliyelishika ndiye aliyelibadilisha, lakini kabla ya hapo kuna aliyemfundisha kumwogopa na kumchukia jirani.

Sheria nazo zimehangaika na jambo hili. Kanuni yetu ya Adhabu inamkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Neno la kuangalia hapo ni "sababu halali". Mwuza nyama akiwa na kisu buchani ana sababu. Akiwa nacho kiunoni dansini saa sita za usiku, itabidi ajieleze. Uingereza, ambako wapo ndugu zetu wengi, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu kidogo cha kukunja kisichozidi inchi 3. Lakini kikiwa cha kujifunga, mahakama zao zinakihesabu sawa na kisu kisichokunjwa, hata kama ni kifupi, na mwenyewe atatakiwa awe na sababu nzuri. Ajabu ni kwamba ile ringi inayokuokoa kidole ndiyo inayokuingiza matatani. Na msafiri wa ndege, awe anapandia Songwe au Dar es Salaam, kisu chake akiweke ndani ya mzigo wa kukabidhi, la sivyo ataagana nacho pale kwenye ukaguzi.

Tuje sasa kwenye ununuzi, maana najua wapo waliokuwa wakisubiri sehemu hii.

Kama kazi yako ni ya shamba, jiko, bucha au mifugo, chukua kisu kisichokunjwa chenye ala. Sababu ni tatu na zote zinaonekana kwa macho. Kwanza, hakina kiungo cha kuvunjika. Kisu cha kukunja hata kikiwa kizuri namna gani, nguvu zake zinaishia kwenye ile bawaba; ukikitumia kupasulia kuni au kuchokonolea, kitalegea. Pili, usafi. Utomvu wa ndizi, mafuta ya nyama na udongo huingia ndani ya mpini wa kukunja na kukaa humo. Kisu kizima unakiosha na kukifuta mara moja. Tatu, hakiwezi kukufungia vidole.

Kabla hujalipa, tazama mkia wa chuma unavyoingia ndani ya mpini. Ukifika hadi mwisho na kushikwa kwa ribiti mbili au tatu, ni kisu cha miaka. Ukiwa ni msumari mfupi uliogandishwa kwa gundi, utabaki na mpini mkononi. Usitafute kirefu. Kwa kazi nyingi za kila siku, makali ya upana wa kiganja yanatosha. Na ala ikibane kisu vizuri. Ala iliyolegea ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana inakudanganya.

Kama kazi yako ni ya ofisini, dukani, ya ufundi umeme au ya safari, cha kukunja kinakufaa. Chagua kinachojifunga sawasawa. Kifungue, kisha sukuma mgongo wa makali kwa kiganja, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikicheza au kikijikunja, kirudishe kwenye turubai. Vile vyenye vifaa kumi na viwili kwa bei ya soda mbili, waachieni watoto wa picha za sinema.

Kuhusu chuma chenyewe, huku kwetu mvua ni nyingi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikifikia mwaka 1913, kinakaa safi hata ukikisahau nje usiku. Lakini visu vya bei ndogo vya aina hiyo mara nyingi ni laini, vinapoteza makali upesi. Kisu cha springi ya gari kitageuka cheusi ukikatia ndizi, na kitashika kutu usipokifuta. Hata hivyo kikikaushwa na kupakwa mafuta ya kula kidogo, kinashika makali vizuri na kinanoleka kwa jiwe la mtoni. Mwanamke anayemenya ndizi kwa ajili ya watu kumi kila siku anajua ninachosema. Yeye, kwa kuwa kanga haina mfuko, hakupotoshwa na fasheni ya kukunja. Kisu chake kiko kwenye kikapu, na kazi yake inajulikana.

Neno moja kuhusu kunoa. Siku hizi watu wanapeleka visu kwenye mashine za umeme za kusagia chuma. Ukiona ncha imegeuka rangi ikawa ya samawati, ujue ule ugumu ambao fundi aliutia kwa moto umeondoka, na makali hayatakaa tena mpaka sehemu ile iishe. Kinoo na maji, polepole, ndiyo njia. Na msiogope kisu kikali. Kilicho butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza, kinakwenda kilikotaka chenyewe.

Kuna deni moja pia ambalo ningependa tulikumbuke. Biashara ya majembe ya kigeni ya bei nafuu ndiyo iliyozima tanuri za wahunzi wetu, kidogo kidogo, tangu enzi za ukoloni. Baada ya Uhuru tulijaribu kurudisha kazi hiyo kwa viwanda. Ubungo ikapata UFI mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na Mbeya ikapata Zana za Kilimo, ZZK, katika miaka ya 1980. Soko huria lilipofunguka, viwanda hivyo viliyumba mbele ya bidhaa za nje. Mhunzi wa springi za magari ndiye aliyebaki, pembeni mwa gulio, na mvukuto wake wa gurudumu la baiskeli. Yeye ndiye mrithi wa Wakinga walioteremka mlimani. Ukinunua kwake, unaweza kumwambia, "Fundi, nitengenezee kifupi zaidi, mpini mnene, mimi ni wa mkono wa kushoto," naye atakufulia. Hakuna sanduku kutoka ng'ambo litakalokusikiliza hivyo.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Methali hiyo inamzungumzia mtu aliyekaa mbele ya nyama. Basi mzazi, mwanao akija na kisu kipya, usianze kwa kumgombeza. Mwulize ni cha kazi gani. Akikutajia kazi, mwonyeshe namna ya kukinoa na kukitunza, naye atakukumbuka kila atakapokishika. Akikujibu kwamba ni cha kutembea nacho tu, hapo kaa naye chini, zima redio hata kama ni mimi ninayezungumza, umwulize ni nini kinachomtia hofu.